Kitabu Nilichokificha Juu ya Kabati



Mama mmoja mwenye watoto wanne ameniletea barua akiniomba nimtajie vitabu vya kuwapa watoto wake wakubwa, wa miaka 13 hadi 17, katika likizo hii ndefu ya Desemba. Anasema wawili kati yao ni wanachama wa maktaba ya umma ya mji wao, lakini huendea huko kudurusu masomo ya shule tu. Shule zikifungwa, kadi zao nazo hulala sandukuni. Anauliza pia, na swali hili nimeliona zito kuliko lile la kwanza, kama hadithi za kubuni zina faida yoyote kwa kijana wa Kiislamu, au ni kuupoteza wakati ambao angeutumia katika masomo yake na Qur'ani yake.

Nitamjibu yote mawili. Lakini kwanza yanipasa nikiri jambo, kwani pasipo kulikiri nitakuwa namfundisha mwenzangu njia ambayo mimi mwenyewe nilijikwaa.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu alikuwa Kidato cha Pili, na mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba ulikuwa umekaribia. Usiku mmoja baada ya Isha niliingia chumbani kwake nikamkuta ameinamia daftari la Baiolojia kwa bidii iliyonifurahisha moyo. Niliposogea nikaona kwamba ndani ya daftari mlikuwa na kitabu kingine kidogo, Kisima cha Giningi, cha marehemu Muhammed Said Abdulla. Sikuuliza neno. Nilikitwaa, nikamwambia hatakiona tena hadi mtihani uishe, nikakiweka juu ya kabati chumbani kwangu, nyuma ya sanduku la nguo za sikukuu. Hakubisha. Alisema, "Sawa, mama," akarejea kwenye daftari lake. Usiku ule nililala nikijiona mlezi hodari.

Nisichokitazama ni mhuri uliokuwa katika ukurasa wa mwanzo. Kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha maktaba, na siku ya kukirudisha ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi hiyo binti aliaga kama kawaida kuwa anakwenda maktaba, nami nikampa nauli. Ya pili yake vivyo hivyo, na ya tatu. Jumamosi ya nne nilikuwa na haja sokoni, nikaona nimpitie ili turudi pamoja. Mkutubi, mzee mmoja mpole ambaye hunijua kwa sura, aliitikia salamu yangu kisha akaniuliza kama binti yangu ni mgonjwa, maana hajamwona karibu mwezi mzima. Akaongeza, kwa adabu, kwamba kuna kitabu alichokiazima na siku zake zimepita, na yuko msomaji mwingine anayekingoja.

Mzazi aliyewahi kupata habari ya namna ile atajua jinsi miguu inavyokosa nguvu. Nilimtafuta. Nilimkuta mtaa wa pili, ameketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, ushungi umemfunika nusu ya uso, daftari la Baiolojia limefunguliwa mapajani. Hatua chache kutoka pale palikuwa na kijiwe cha vijana wa kiume. Jumamosi tatu mtoto wangu wa miaka 14 alikaa pale, kutoka saa tatu hadi saa sita, kisha akarudi nyumbani kwa wakati.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Mama, ulisema sitakiona tena hadi mtihani uishe. Na kule maktaba niliona haya kusema kwamba mama yangu ndiye aliyekichukua."

Alikuwa ananisitiri. Nimeandika sentensi hii mara mbili na kuifuta mara mbili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulikwenda nyumbani, nikakishusha kitabu, tukarudi maktaba kabla ya Adhuhuri. Nililipa faini, nikamweleza yule mzee kisa chote hali binti yangu anasikia. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, wewe umekisoma?" Sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimekihukumu kwa kukiona ndani ya daftari la Baiolojia. Mzee akasema Kisima cha Giningi kina mwenyewe anayekingoja, akaenda kwenye rafu na kurudi na Mzimu wa Watu wa Kale, akatuambia kwamba hicho ndicho cha kwanza katika visa vya Bwana Msa, na kwamba tukisome wote wawili, kwa zamu.

Basi nikakisoma. Nilianza kwa nia ya kukikagua, kama afisa forodha anayepekua begi. Kufikia usiku wa pili baba watoto aliniuliza kulikoni taa haizimwi.

Kwa wasiokijua, kitabu hicho kilishinda shindano la uandishi la Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi katika Unguja ya zama zile. Mtu anakutwa amekufa mahali penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani ananufaika, nani amesema uongo. Kwa lugha nyingine, mpelelezi huyu anawafundisha vijana wetu wasiridhike na ushirikina pale ambapo akili na ushahidi vinatosha. Ustadhi gani angemkataza mtoto somo hilo? Na Kiswahili chake ni cha Unguja safi, chenye mzaha na mafumbo, ambacho wengi wetu wa bara tunakisikia siku hizi kwa wazee tu.

Hapo ndipo ninapolijibu swali la pili la mama yetu. Sote tunalijua neno la kwanza la wahyi, na hulitaja kwa sauti kubwa kila mahafali ya madrasa. Tunajua pia kwamba Mwenyezi Mungu alimsimulia Mtume wake, rehema na amani zimshukie, kisa cha Nabii Yusuf katika sura moja kamili, chenye wivu wa ndugu, kisima, safari, kusingiziwa, gereza na kusameheana. Sisemi kwamba riwaya ya mwanadamu inafanana na hicho, hasha. Nasema tu kwamba moyo wa binadamu umeumbwa ukipokea mafunzo kwa njia ya kisa, na wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Kijana asiyepata kisa kizuri nyumbani au maktabani hatabaki bila kisa. Atakipata katika simu, saa tano ya usiku, na hicho hatutakiona hata tufunue madaftari yote.

Kuhusu masomo, sidai kwamba riwaya hupandisha alama. Binti yangu alifaulu mwaka ule kwa kiasi cha wastani, na pengine angefaulu vivyo hivyo pasi na Bwana Msa. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba insha zake zilibadilika, na kwamba tangu siku ile hajanificha kitabu.

Maktaba zetu za umma zilianzishwa kwa nia pana kuliko tunavyozitumia. Sheria ya kuunda huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Dar es Salaam katika barabara iitwayo leo kwa jina la Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Mikoani nako ziko maktaba. Ya Tanga yaishi katika jengo lililopewa, zama za mkoloni, jina la Mfalme George wa Sita. Lakini ingia katika yoyote siku ya Jumamosi utazame. Meza zimejaa vijana, na karibu kila mmoja amekuja na madaftari yake kutoka nyumbani. Wanachoazima ni kiti na utulivu. Rafu ziko nyuma yao, na vitabu vimewapa migongo kama wao walivyovipa. Siwalaumu, nyumba nyingi hazina nafasi ya kusomea, na utulivu nao ni neema. Hata hivyo yasikitisha kukaa saa tatu hatua nne kutoka kwa Shaaban Robert usimwamkie.

Tangu kisa kile, mimi na wazazi wenzangu wawili tumekuwa tukikutana na vijana kadhaa katika maktaba hiyo, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, mkutubi akiwa nasi. Walianza wasichana watano. Sasa ni tisa, na wavulana sita, ambao huketi upande wao na hubisha kuliko wasichana. Vitabu nitakavyovitaja ni vile tulivyovisoma pale, kwa hiyo nazungumzia nilivyoona vikipokewa, si ninavyodhani vingepokewa.

Kwa anayeanza, wa miaka 13 au 14, bado sijaona kinachoishinda hadithi ya Bwana Msa. Jambo moja lilitufaa sana: tulikubaliana kwamba hakuna atakayesoma sura ya mwisho. Kila mmoja aliandika jina la mkosaji katika kipande cha karatasi, akakikunja, mkutubi akavitia vyote katika bahasha na kuifunga kwa gundi. Mjadala wa siku ile ulikuwa mkali hata tukaombwa tupunguze sauti. Kila aliyetaja jina alitakiwa aonyeshe ukurasa unaomtia shaka, na wengi waliojidai wamesoma waligundua kwamba wamerukaruka. Bahasha ilipofunguliwa mwezi uliofuata, aliyepatia alikuwa mmoja tu, mvulana ambaye hatukuwa tumepata kumsikia akizungumza. Sasa huzungumza. Mimi nilikosea, na binti yangu hajaniruhusu nilisahau.

Baada ya hapo twende kwa Shaaban Robert, lakini kwa mlango unaofaa. Walimu wengi huwaanzisha watoto kwa Kusadikika, nami naona ni kosa. Kitabu kile ni cha hoja na mashitaka, na mtoto wa miaka 13 hukichoka kabla ya kufika penye utamu. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ndicho mlango. Mna majini, mji wa ajabu, safari za bahari, na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtendea ndugu yao ubaya kwa sababu ya husuda hata wakageuzwa manyani, naye akaamrishwa awapige kila usiku. Tuliunda baraza la hukumu. Watatu wakawa mahakimu, watatu wakamtetea Adili, watatu wakawasemea manyani. Swali lilikuwa kama mtu aliyeamrishwa kuadhibu ana dhambi, na kama waliokosa wamekwisha kuadhibiwa vya kutosha. Katikati ya shauri hilo mvulana aliyepewa kazi ya kumshitaki Mwivu alikaa kimya, kisha akasema hawezi, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuichoma kwa makusudi sare ya shule ya kaka yake aliyefaulu kumzidi, na nyumbani wote wanaamini ni pasi iliyosahauliwa. Hakuna aliyecheka. Mahakimu waliahirisha shauri. Sijui kama alikwenda kusema nyumbani, wala sikumwuliza. Siku hiyo nilijifunza kwamba mtu mzima katika baraza la namna hii anatakiwa awe na masikio makubwa na mdomo mdogo.

Ya Shaaban Robert hayakuishia hapo. Wasichana walipenda kuliko nilivyotarajia Wasifu wa Siti binti Saad. Najua baadhi ya wazazi watanuna kwamba tunawasomesha mabinti habari za mwimbaji. Na wakisome kwanza. Ni kitabu cha mtoto wa kimaskini wa Fumba aliyetembeza vyungu, akadharauliwa kwa ufukara wake na sura yake, na hata hivyo sauti yake ikanaswa kwenye sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928. Kilichowagusa wasichana wetu si nyimbo. Ni masengenyo. Kila mmoja wao amepata kusemwa, na wengi husemwa kwenye simu ambapo maneno hayafutiki. Wakamwona mtu aliyesemwa zaidi yao akashika kazi yake hadi alipofariki mwaka 1950.

Kurwa na Doto, cha Muhammad Saleh Farsy, nilidhani kingewachosha. Kilichapwa mwaka 1960, na kwa sehemu kubwa ni maelezo ya maisha ya kijiji cha Unguja kupitia mapacha wawili wa kike wenye tabia mbalimbali. Na kwa kweli kiliwachosha, hadi mzazi mwenzangu alipowatuma wakawasomee bibi zao. Kila mmoja alichagua kurasa tatu zinazoeleza desturi fulani, akamsomea bibi au jirani mzee, akaandika alichosahihishwa. Mzigo wa habari walioleta haukusomeka kwa Jumamosi moja. Bibi mmoja alimkatiza mjukuu wake kila aya akisema kwao Pemba haikuwa hivyo. Mwingine, ambaye hakupata kwenda shule, aliomba asomewe kitabu kizima, na mjukuu akalazimika kukiazima tena mara mbili. Mama uliyeniandikia, ikiwa kuna mtu mzima nyumbani kwako ambaye macho yake hayasomi tena, anza hapo.

Wavulana wanapenda safari. Kwao Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, imekuwa na nguvu kubwa. Kongowea Mswahili, aliyezaliwa Tanga na kufiwa na mama, anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui. Tulitandika ramani ya Afrika Mashariki juu ya meza wakafuatisha njia yake kwa uzi mwekundu kutoka Tanga, mji kwa mji, hadi Kitale, na kila kituo wakaandika alichopoteza na alichopata. Ramani hiyo bado imetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa vijana, ingawa uzi umelegea. Nakala zilizoko maktabani kwetu ni tatu na zote zimechakaa, jambo ambalo kwa kitabu ni sifa.

Wajomba waliowahi kusoma vitabu vya Willy Gamba, vya Elvis Musiba, kama Kufa na Kupona, huniuliza kwa nini siwataji. Nimewataja. Vina mwendo wa kasi na vimewafanya wanaume wengi wa rika langu kuwa wasomaji, lakini vina mabastola na mambo ya mabaa ambayo singemkabidhi mtoto wa miaka 13. Asubiri kidogo.

Kuhusu vitabu vya kusubiri, hapa ndipo wazazi wengi huogopa, nami nakubali hofu ina msingi. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inaanza na binti mdogo aliyeozwa mtu mzima kupita kiasi, na yanayofuata ni pamoja na mapenzi na siasa za Zanzibar kabla ya uhuru. Tulikisoma na wakubwa tu, wa miaka 17, baada ya mama zao kukisoma kwanza, na mama mmoja alikataa, tukaheshimu. Waliobaki walizungumza juu ya kuozwa kwa kulazimishwa kwa uwazi ambao sijapata kuusikia katika semina yoyote, wakatenganisha wenyewe mafundisho ya dini yetu juu ya ridhaa ya mwanamke na mazoea ya watu yanayovalishwa kanzu ya dini. Ningependa kuwaambia wazazi wenye hofu kwamba mazungumzo hayo mabinti zenu watayafanya kwa vyovyote. La kuchagua ni kama mtakuwepo.

Yuko pia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na tajiri ambaye yeye humwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ni kitabu kigumu, na chenye huzuni nzito. Wakubwa watatu tu walikimaliza. Lakini hao watatu walibishana wiki nzima kuhusu neno "ami", tunalompa kila mtu mzima mwenye fedha, na kama wazazi wa Yusuf walikuwa wabaya au maskini tu. Mmoja wao anaishi kwa watu, mbali na wazazi wake, akifanya kazi za nyumbani ili asome. Alisema machache. Alikiazima tena.

Nimeacha kwa makusudi Utendi wa Mwana Kupona, kwa kuwa si kitabu cha kumpa kijana akakaa nacho peke yake. Lugha yake ni ya kaskazini, ya Pate na Lamu, na bila sherehe za maneno mtoto wa Morogoro hatafika ubeti wa kumi. Lakini fikiri asili yake: mwaka 1858 mama mgonjwa, aliyejua kwamba huenda hana siku nyingi, alikaa akamwandikia binti yake yote aliyotaka amwachie. Tulisoma beti kadhaa, mkutubi akifasiri. Mengine wasichana waliyakubali, mengine, hasa ya jinsi ya kumtumikia mume, wakayapinga kwa adabu na kwa hoja. Kisha tukaagana kwamba kila mama, au aliye mahali pa mama, amwandikie bintiye beti nne. Mimi nilikesha. Vina vyangu vilikuwa vibovu na mizani ilichechemea, na katika ubeti wa tatu nilimwomba radhi kwa zile Jumamosi tatu. Amezitia ndani ya Qur'ani yake.

Ya utaratibu nitayapitia upesi. Masharti ya uanachama na ada hutofautiana, hivyo ulizeni dawatini na msione haya. Katika mpangilio wa Dewey, unaotumika katika maktaba nyingi, fasihi ya Kiswahili hukaa kwenye namba 896.392; mfundishe mtoto namba hiyo kama unavyomfundisha namba ya simu yako. Ikiwa hakuna kitabu, mwambie mkutubi akiandike, kwani wakutubi hununua kinachoombwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Uchache wa nakala tumeutatua kwa kusomeana: mmoja asoma kwa sauti, wengine wakisikiliza, na atakayekosea matamshi hapigwi kelele. Mkutano wetu huisha nusu saa kabla ya Adhuhuri, wote tunaondoka pamoja, na hakuna binti anayetembea peke yake hadi kituoni. Hili la mwisho mnajua kwa nini nalisisitiza.

Na kama mtoto wako amekuja na kitabu cha maktaba nawe umeona hakifai, kwa umri wake au kwa maadili, ni haki yako kumzuia. Kisome kwanza. Tazama mhuri. Kisha mrudishe nacho wewe mwenyewe dawatini.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tunarudi kwa Kisima cha Giningi, kile kile. Binti yangu, ambaye sasa yuko Kidato cha Tano, ndiye atakayeongoza, na ameshatangaza kwamba wazazi nao wataandika jina la mkosaji katika karatasi. Nilikwenda jana kukiazima. Mzee akafungua orodha, akaniambia nakala zote zimetoka na kwamba mimi ni wa nne kungoja.